Ngome Mbili na Fundo la Baba

Baba alikuwa amekwisha kuufunga mzigo niliposhuka kutoka chumbani. Ulikuwa juu ya meza ya jikoni, ndani ya kitambaa cha zambarau, mpana kama sahani ya wageni na mnene kama ngumi. Yeye alikaa mbele yake, mikono magotini, kana kwamba mzigo ule ni mgeni aliyefika mapema.

"Mpelekee yule mama wa Himeji," alisema.

"Ni nini, Baba?"

"Zawadi."

"Najua ni zawadi. Ndani kuna nini?"

"Kitu."

Mama, ambaye tangu aolewe amekuwa na kazi ya pili ya kutafsiri ukimya wa Baba, alinitazama kutoka kwenye beseni la vyombo na kuinua mabega. Safari hii hata yeye hakuwa na tafsiri.

"Lakini umefunga sawasawa?" niliuliza. "Isije ikawa kama ya Bwana Kuze."

Mama aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Bwana Kuze ni jirani yetu. Mwaka juzi alipolazwa hospitali, Baba alimpelekea matunda yaliyofungwa kwa fundo la kipepeo, lile linalofunguka ukivuta ncha moja tu. Fundo hilo ni la mambo tunayotaka yarudi tena na tena, kama mtoto kuzaliwa au biashara kufunguliwa. Hakuna anayempelekea mgonjwa. Bwana Kuze alitoka hospitali, akarudishwa kabla hajamaliza hata kufagia ua wake, na mtaa mzima ukajua wa kulaumiwa ni nani.

"Nimeuliza dukani," Baba alisema. Masikio yake yalikuwa yameiva. "Usiufungue njiani. Na usiuweke ovyo."

Niliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito. Nilitaka kumwambia kwamba huenda hii ndiyo zawadi ya mwisho atakayoipeleka kwenye nyumba ile, lakini maneno ya namna hiyo hayajawahi kunitoka mbele ya Baba. Nilisema tu, "Naenda."

"Nenda urudi," alijibu, kama anavyojibu siku zote.

*

Shunpei alikuwa akinisubiri kwenye daraja la handaki la maji, mbele ya ngome yetu ya Hikone. Alivaa koti lake la kijivu, lile lenye kifungo nilichomshonea mimi. Aliponiona alitabasamu, halafu nadhani alikumbuka ni siku gani, tabasamu likapungua kidogo pembeni.

Tulikuwa tumekubaliana hivi: siku moja, ngome mbili. Asubuhi ya kwetu, alasiri ya kwao. Tulizaliwa katika miji miwili ya ngome inayounganishwa na treni moja, na tangu tulipokutana chuoni Kyoto tulikuwa tukiahidiana kutembezana. Siku hazikupatikana. Sasa siku imepatikana, na ahadi imeongezewa mkia: jioni, kama bado hatujaona njia, tutaachana pale stesheni ya Himeji, kila mmoja aende kwao bila chuki.

Kilichotushinda ni jina. Kwetu mume na mke huandikishwa kwa jina moja la ukoo, kwa hiyo mmoja lazima aache la kwao. Mimi ni mtoto pekee wa nyumba ya Ibuka, wafinyanzi wa vigae vya paa tangu enzi ambazo hata Baba hazijui vizuri. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume humchukua mkwe, akaingia ndani, akabeba jina na kazi. Babu yangu mwenyewe aliingia hivyo. Na Shunpei ni mtoto pekee wa Makabe. Baba yake ni marehemu. Mama yake ana kibanda cha chakula karibu na ngome ya Himeji, na juu ya pazia la mlango limeandikwa jina hilo hilo, kwa mkono wa marehemu.

"Umechelewa," alisema Shunpei.

"Baba alikuwa anafunga zawadi ya mama yako."

"Ya kuomba radhi au ya kuaga?"

"Alisema ni 'kitu'."

Aliuchukua, akaupima mkononi. "Kozue, hiki si kitu. Hili ni jiwe la msingi. Tuliweke kwenye kabati la stesheni."

"Hapana. Alisema tusiuweke ovyo."

"Kwa hiyo nipande nalo ngome mbili?"

"Nipe nibebe mwenyewe."

"Ah, wapi." Akaukumbatia kama mtoto mchanga, akatangulia.

Njia ya kupanda ni ya mawe yasiyolingana; yalipangwa hivyo ili adui asipate mwendo, na hata sisi tusio adui wa mtu tulihema. Majani ya miti yalikuwa yameshaanguka mengi, mekundu, yamelowa umande. Pale juu yule paka mweupe wa mji, mtu aliyevaa vazi la paka na kofia ya vita, alikuwa akiwapungia watoto wa shule polepole kama mfalme aliyechoka.

"Hili ndilo linaloniuma zaidi," Shunpei alisema. "Ngome yetu ni kubwa mara ngapi kuliko hii, lakini hatuna paka."

"Mnajivuna mno. Paka hapendi watu wa kujivuna."

Alicheka, nami nikacheka, na kwa muda kidogo tulikuwa watu wawili tu waliokuja kutembea.

Mlangoni mwa mnara tulivua viatu. Mlinzi alitupa mfuko wa nailoni kila mmoja, lakini Shunpei alikuwa na mzigo, nami nilihitaji mkono wa kushika ukuta, basi tukaviweka vyote katika mfuko mmoja: vyake vikubwa vya ngozi, vyangu vya kamba, soli kwa soli. Niliubeba mimi. Ngazi za ndani zimesimama kama za kupandia darini, na mbao zake zimelainika kwa nyayo za watu. Nilisita. Nyuma yangu kulikuwa na akina mama wazee waliokuja kwa basi, na mmoja akapaza sauti:

"Wewe kijana wa mzigo! Mpe mwenzio mkono. Ngazi hizi hazina nafasi ya aibu."

"Huenda si mwenzake," alisema mwingine.

"Hebu tazama viatu vyao viko mfuko gani."

Wakacheka wote. Nilihisi uso ukiwaka. Shunpei alinyoosha mkono kutoka juu, nikaushika, na nilipofika kwenye sakafu ya juu hakuuachia mara moja. Wala mimi.

Dirishani ziwa lilikuwa limetulia, jeupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

"Unajua kwamba mnara huu haukuzaliwa hapa?" nilimwambia. "Wanasema ulibomolewa kwenye ngome nyingine, kule mwisho wa ziwa, ukaletwa mbao kwa mbao, ukajengwa upya."

Yeye ni mwalimu wa historia huko Kyoto. Alijua kuliko mimi. Lakini aliniacha niseme. Halafu akasema, "Basi ni mnara ulioolewa."

"Ukachukua jina la hapa."

"Na huko ulikotoka hakuna aliyeulizwa."

Alisema kwa utani. Lakini utani ule ulianguka katikati yetu ukakaa palepale, na wala mimi wala yeye hatukuinama kuuokota.

*

Kwenye treni tulikaa bega kwa bega, mzigo mapajani mwake. Mama alikuwa amenifungia matonge ya wali yenye samaki ndani, yamezungushiwa mwani. Shunpei alikula matatu. Mimi nililishika la kwangu mpaka mwani ukalainika.

"Unakumbuka siku nilipokuja kwenu?" aliuliza. "Majira ya kuchipua."

Ningesahauje? Alipiga magoti mbele ya Baba, paji la uso likagusa mkeka, akaomba kunioa. Baba alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Kijana aingie nyumbani kwetu." Basi. Baada ya hapo kikaja kimya kingine, na katikati ya kimya hicho Baba akauliza swali la ajabu.

"Aliniuliza nembo ya ukoo iliyochongwa kwenye kaburi la baba yangu," Shunpei alisema. "Nilihisi napekuliwa kama mwizi. Nikamwambia: majani matatu ya mwaloni. Akatikisa kichwa tu."

"Huo ndio uchangamfu wake."

"Ningependa kumwona akinuna, basi."

Nilitabasamu nikitazama nje. Kisha nikauliza jambo ambalo sote tulilijua. "Na mama yako? Bado vilevile?"

"Vilevile. Nilimpigia juzi. Nikamwambia, Mama, ni jina tu, mimi nitabaki mwanao. Akaniambia, 'Baba yako hakuniachia nyumba wala shamba. Ameniachia wewe na jina. Ukilitoa, nitabaki na sufuria.'"

Nimewahi kukutana naye mara moja tu. Alinipa yai kubwa kuliko ya wengine kutoka kwenye sufuria lake, akaniita binti Ibuka, kwa heshima, kama mtu anayemwita mpangaji. Nilipotoka nilimwona akilipangusa vumbi pazia la mlangoni, akipitisha vidole kwenye maandishi, taratibu, kila herufi. Tangu siku hiyo sijaweza kumkasirikia.

Treni ilipita Kyoto, ikapita Osaka. Mahali fulani karibu na bahari Shunpei alisinzia, kichwa kikaegemea bega langu. Nilikaa bila kutikisika hata mkono ulipoanza kufa ganzi. Nilijisemea: uzito huu ushike vizuri, Kozue, huenda ukabaki kuukumbuka tu.

*

Ukishuka stesheni ya Himeji, ngome inakutazama kutoka mwisho wa barabara, nyeupe tupu, kama ndege mkubwa aliyetua akasahau kuondoka. Shunpei hupunguza mwendo kila anapoiona. Alinionyesha alipoanguka na baiskeli utotoni, na benchi alilokuwa akikalia baba yake kusubiri kibanda kifunguliwe.

"Sasa wewe ndiwe mtaalamu," alisema tulipopita lango la ndani. "Tazama vigae."

Nilikuwa nimeshavitazama. Binti wa mfinyanzi hawezi kupita chini ya paa bila kuinua shingo. Kwenye ncha za vigae, vile vya mviringo vinavyomalizia paa, kulikuwa na nembo. Ila hazikuwa nembo za nyumba moja. Hapa kipepeo, pale maua, mbele tena alama nyingine.

"Kila bwana aliyetawala hapa alitengeneza paa akaweka nembo yake," alisema. "Aliyefuata hakuziondoa za mwenzake. Vigae vizima viliachwa, vilivyovunjika vikabadilishwa. Nyumba zimehama, zimekwisha. Paa liko."

"Na waliovifinyanga?"

"Hao siwajui. Vitabu havisemi."

"Majina yao yako mgongoni," nilisema. "Sisi hupiga muhuri upande wa nyuma. Hauonekani mpaka kigae kiteremshwe."

Alinitazama kwa namna yake ile ya kusikiliza kwa macho. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa nimesema jambo la maana. Nilidhani naongelea kazi tu.

Tukavua viatu tena. Tukaviweka tena mfuko mmoja. Hakuna aliyependekeza, mikono ilijua yenyewe. Tulipanda ghorofa baada ya ghorofa, kati ya nguzo mbili kubwa zinazobeba jengo zima, mpaka kwenye chumba cha juu chenye mahali pa kusalia. Watu walikuwa wachache. Shunpei aliuweka mzigo juu ya koti lake sakafuni kwa uangalifu, akainamisha kichwa kusali, kisha akanigeukia. Niliona usoni mwake kwamba ameamua jambo.

"Nitaingia kwenu," alisema. "Nitakuwa Ibuka. Nitamwambia Mama leo, sasa hivi, tukishuka."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Siwezi kukataa hilo. Uliruka, kisha ukaona pazia la mlangoni na vidole vinavyopita juu ya maandishi, ukarudi ukakaa.

"Hapana," nilisema.

"Hapana nini?"

"Usimwambie."

"Kozue, tangu majira ya kuchipua tunatafuta njia. Hii hapa njia. Mimi ndiye ninayetoa, wewe unapokea. Unachokataa ni nini?"

"Nitakaa vipi naye? Nitamwangalia machoni vipi, nikijua nimemchukulia vyote viwili?"

"Basi wewe uwe Makabe."

"Na Baba?"

"Baba yako, mama yangu!" Sauti yake ilipanda, mzee mmoja aliyekuwa dirishani akageuka. Shunpei akaishusha, na ikawa mbaya zaidi ilivyokuwa ya chini. "Wewe una huruma na kila mtu, Kozue. Kila mtu isipokuwa mimi."

Hajawahi kuniambia neno kali kama hilo. Nilitaka kumwambia kwamba si kweli, kwamba ninapolala naliita jina lake, jina lolote la ukoo litakaloandikwa mbele yake. Lakini mimi nikiumia ndipo ninaponyamaza zaidi. Kwa hilo mimi ni mtoto wa Baba. Nilitazama vidole vya miguu yangu juu ya mbao zile baridi.

"Basi tuishie hapa," nilisema. "Kabla hatujaanza kuchukiana."

Alisubiri nibadilishe. Sikubadilisha. Akaokota koti, akaukumbatia mzigo, akasema, "Tumpelekee hicho kitu. Halafu nitakusindikiza stesheni."

Tulishuka. Nje nilikaa kwenye benchi nikavaa viatu, lakini kamba zikanishinda. Shunpei alinitazama kidogo, akapiga goti, akanifungia kiatu kimoja, kisha cha pili. Hakuinua uso. Tone moja liliangukia kwenye ngozi ya kiatu, na lilikuwa langu. La pili sijui lilikuwa la nani.

*

"Umekonda!" Mama Makabe alimwambia mwanawe kabla pazia halijatulia nyuma yetu. "Huko shuleni wanakulisha chaki? Karibu, binti Ibuka. Kaeni, kaeni."

Kibanda kilikuwa kitupu saa ile. Sufuria la figili na mayai lilichemka polepole, na harufu ya tangawizi na mchuzi wa soya ilijaa kote. Nilipiga magoti, nikausogeza mzigo mbele yake kwa mikono miwili.

"Baba yangu anakusalimu, Mama. Anasema ni kitu kidogo."

"Kidogo!" Shunpei alinong'ona, akijisugua bega.

Mama Makabe alifuta mikono, akafungua ncha za kitambaa cha zambarau. Ndani kulikuwa na karatasi nyeupe nene, na juu yake ugwe mwekundu na mweupe uliofungwa. Nami nilipoliona fundo, niliinamisha uso.

Halikuwa la kipepeo. Lilikuwa limekazwa, ncha mbili fupi zimesimama juu kama pembe, fundo ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Kwa rangi hizo mbili, fundo hilo lina kazi moja tu: ndoa.

"Aliyefunga ni baba yako mwenyewe?" aliuliza.

"Ndiye, Mama. Tafadhali umsamehe." Maneno yalinitoka mbiombio, sijui yalitoka wapi. "Baba hukosea mafundo. Kuna jirani yetu mgonjwa alimfungia la kipepeo, akarudi hospitali. Hakukusudia kukudhihaki. Hajui tu."

"Hajui." Aligusa fundo kwa ncha ya kidole. "Mimi nililetewa fundo hili mara moja maishani, siku familia ya marehemu ilipokuja kuniposa. Halifungwi mara mbili. Mtu mzima ataingia dukani, achague nyekundu na nyeupe, akaze hivi, halafu awe hajui?"

Shunpei aliinuka, akachukua mkasi uliokuwa karibu na sufuria. Mama yake alimpiga kofi la mkono.

"Mkasi! Kwenye fundo la harusi! Na wewe unaitwa mwalimu?"

Alianza kuusukuma ugwe kwa vidole gumba viwili, upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka ukateleza kwenye pembe za karatasi, ukatoka mzima na fundo lake. Aliuweka pembeni. Kisha akafunua karatasi.

Kilikuwa kigae cha ncha ya paa, cha mviringo, chenye rangi ile ya fedha iliyofifia inayotoka kwenye tanuri letu tu. Juu yake yalisimama majani matatu ya mwaloni, mashina yamekutana katikati, mishipa yote ikionekana.

Mama Makabe aliweka mkono mdomoni.

"Nembo yetu," alisema Shunpei, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nilikitazama kigae kile, nikautambua ukingo wake, nisiamini. "Hiki nimekisugua mimi," nilisema. "Mwanzoni mwa vuli. Baba alinipa kikiwa kibichi, uso umefunikwa kwa kitambaa, akasema nisugue mgongo tu. Mgongo ulikuwa bado mtupu, nikadhani ni cha hekalu fulani."

"Mgongoni kuna muhuri," Shunpei alinikumbusha taratibu. "Mimi nilisema vitabu havisemi, wewe ukasema mgongo unasema."

Tukakigeuza. Muhuri ulikuwepo, lakini haukuwa ule wa zamani wenye kingo zilizolika, uliopigwa kwenye vigae vyetu vyote tangu nizaliwe. Ulikuwa mpya. Baba aliuchonga mwenyewe. Nayajua makato ya mkono wake. Mwanzo *Ibuka*. Na chini yake, mahali ambapo huandikwa jina la fundi mwenye karakana, *Kozue*.

Nililia. Nililia mbele ya mama wa watu, kwenye kibanda cha watu, bila hata kugeuka. Miaka yote Baba alitafuta mtu wa kuingia ndani aibebe kazi, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale pembeni ya tanuri, mikono imejaa udongo. Hakuwahi kusema ameniona. Sasa alikuwa amesema. Jina la nyumba litakaa mgongoni mwa kigae, palipo mahali pake, nami ndiye nitakayelipiga. Jina la kwenye karatasi za serikali ameliachia liwe Makabe.

Mama Makabe alikishika kigae kifuani. Alikaa hivyo muda mrefu, macho kwenye pazia.

"Huyu mzee," alisema mwishowe, "ananipa binti, anabaki na fundi. Ni mjanja." Akafuta macho kwa nyuma ya mkono. "Unajua mwaloni, binti? Majani yake makuukuu hayadondoki mpaka machipukizi yatokeze. Marehemu alipenda kusema hivyo, akilewa. Nami nimekuwa jani kuukuu kwelikweli, nimeng'ang'ania tawi."

"Mama," alianza Shunpei.

"Nyamaza, sijamaliza. Fundi hawezi kuliacha tanuri lake. Utakwenda kuishi Hikone. Kutoka huko utafika shuleni kwako, au sivyo? Na kaburi la baba yako halina miguu ya kukufuata, lakini wewe unayo, na treni ni moja."

"Mama, kuna jambo." Shunpei alikuna shingo. "Mimi na Kozue tumeachana."

"Lini?"

"Sasa hivi. Ghorofa ya juu ya ngome."

Mama Makabe alimtazama yeye, akanitazama mimi, macho yamevimba, pua nyekundu. Akachukua bakuli mbili.

"Basi rudianeni kabla mchuzi haujapoa," alisema. "Na wewe, mwanangu, kula. Mikono yako imekonda, itabeba vipi udongo?"

Mwanangu, si binti Ibuka tena. Yai aliloniwekea safari hii lilikuwa dogo kama ya wengine wote, kama la mtu wa nyumbani.

Chini ya meza Shunpei aliutafuta mkono wangu, akaupata. "Nilikosea kule juu," alinong'ona. "Kuhusu huruma."

"Nami nilinyamaza pale nilipotakiwa kusema."

"Sema sasa."

Nilimsogelea sikioni, nikamwambia. Nilichomwambia ni chake, sitakiandika hapa.

Kabla ya kuondoka nilitoka nje nikampigia Baba. Aliipokea simu mara moja, yeye ambaye huwa anaiacha ilie mpaka Mama aje. Nilisikia moto wa tanuri nyuma yake.

"Baba."

"Kimefika?"

"Kimefika."

"Hakikuvunjika?"

"Hakikuvunjika, Baba."

Akanyamaza. Mbele yangu taa za ngome zilikuwa zimeanza kuwaka, na paa zake zote, za mabwana wote, zikaonekana kwa pamoja. Nilitaka kumshukuru, sikujua nianzie wapi, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba upande wa pili wa simu kuna mtu mwenye shida ileile.

Kisha akakohoa kidogo.

"Na fundo?" aliuliza. "Halikulegea njiani?"

Niliufungua mkono. Ugwe mwekundu na mweupe, alionikabidhi Mama Makabe mlangoni, ulikuwa kiganjani, mzima, ncha zake mbili zimesimama.

"Halikulegea, Baba," nilisema.